Kuichambua 4,294,967,297: mwongozo kamili wa kusoma sifa za namba kubwa kwa kalamu na karatasi

Chukua 4,294,967,297. Ina tarakimu kumi, inaishia na 7, na ukiitazama huoni pa kuishika. Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa, aliamini kuwa ni namba tasa. Katika barua zake za mwaka 1640 alieleza kwamba ukichukua 2, ukaipa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea kwa kurudufu, kisha ukajumlisha 1, utapata namba tasa kila mara. Tano za mwanzo zinamuunga mkono: 3, 5, 17, 257 na 65,537 zote ni tasa. Ya sita ndiyo hii yetu, 2³² + 1. Mwaka 1732 Leonhard Euler, akiwa Saint Petersburg, alionesha kwamba inagawanyika kwa 641.

Mwongozo huu unaifuata namba hiyo moja kuanzia tarakimu zake hadi sifa zake za ndani. Nimeshika namba moja makusudi, kwa sababu njia zote muhimu zinapita humo, na kila hatua inatumia matokeo ya hatua iliyotangulia. Andaa kalamu, karatasi na kikokotoo cha tarakimu 12, kile kinachokaa juu ya meza za maduka. Tutahitaji kompyuta mahali pamoja tu, karibu na mwisho.

Hatua ya 1: Majaribio ya haraka

Anza na yale yanayochukua sekunde chache. Namba inaishia na 7, kwa hiyo haigawanyiki kwa 2 wala 5. Jumla ya tarakimu zake ni 4+2+9+4+9+6+7+2+9+7 = 59, na 59 haigawanyiki kwa 3, basi nayo haigawanyiki kwa 3.

Kwa 7, 11 na 13 kuna njia moja inayozipima zote kwa mkupuo, na inasikitisha kwamba wengi wanamaliza shule bila kuiona. Inategemea ukweli kwamba 7 × 11 × 13 = 1001. Kata namba katika mafungu ya tarakimu tatu kutoka kulia, kisha toa na kujumlisha kwa kupishana:

297 − 967 + 294 − 4 = −380

Sasa pima 380 peke yake. Ukigawanya kwa 7 inabaki 2, kwa 11 inabaki 6, kwa 13 inabaki 3. Hakuna hata moja inayoingia kamili, kwa hiyo 7, 11 na 13 zote zimeondoka.

Hapa ndipo mtu huanza kukata tamaa. Ili kuthibitisha kwamba namba ni tasa kwa kugawanya tu, inabidi ujaribu kila namba tasa hadi kwenye kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha namba yetu ni 65,536 na sehemu ndogo sana, na namba tasa zilizo chini ya hapo ni 6,542. Ukitumia dakika moja kwa kila jaribio, kazi nzima ni zaidi ya saa mia moja. Usianze kazi hiyo.

Hatua ya 2: Soma umbo la namba kabla ya kugawanya

Hii ndiyo hatua inayobeba zote, kwa hiyo isome polepole.

Namba yetu si tarakimu kumi zilizokusanyika ovyo. Ni 2³² + 1, na umbo hilo linatuambia ni namba tasa zipi zinaweza kuigawanya na zipi haziwezi kamwe, hata kabla ya kujaribu.

Tuseme p ni namba tasa inayoigawanya. Basi ukigawanya 2³² kwa p, baki ni −1. (Baki −1 ni sawa na kusema baki ni p − 1. Kuandika −1 kunarahisisha hesabu.) Ukizidisha 2³² kwa yenyewe unapata 2⁶⁴, na baki lake linakuwa (−1) × (−1) = 1. Kwa hiyo vipeo vya 2, ukiviangalia kwa mabaki ya p, vinazunguka na kurudi kwenye 1 baada ya hatua 64. Je, vinaweza kurudi mapema zaidi? Hapana. Mzunguko mfupi zaidi ungelazimika kuwa kigawo cha 64, yaani 32, 16, 8, 4, 2 au 1, na vyote hivyo vinaigawanya 32. Hapo 2³² ingetoa baki 1, wakati tumeshaona inatoa −1.

Sasa leta kanuni nyingine ya Fermat mwenyewe, ambayo ni ya kweli: ikiwa p ni tasa na haigawanyi 2, basi 2 kwa kipeo cha p − 1 hutoa baki 1 ukigawanya kwa p. Mzunguko ni wa hatua 64, kwa hiyo p − 1 lazima igawanyike kwa 64. Kwa maneno mengine, kila namba tasa inayoigawanya namba yetu ina umbo 64k + 1.

Orodhesha namba za umbo hilo: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Ondoa zisizo tasa. 65 na 385 zinagawanyika kwa 5. 129, 321 na 513 zinagawanyika kwa 3. Zinabaki 193, 257, 449, 577 na 641. Kutoka namba tasa 6,542 tumeshuka hadi tano za mwanzo tu, na jibu limo ndani ya hizo tano. Hii ndiyo njia ya Euler.

Mwaka 1878 Édouard Lucas wa Ufaransa aliikaza zaidi. Namba tasa yenye umbo 64k + 1 huacha baki 1 ukiigawanya kwa 8, na kwa namba tasa za aina hiyo inajulikana kwamba kuna namba c ambayo mraba wake unatoa baki 2. Kama vipeo vya 2 vinazunguka kwa hatua 64, vipeo vya c vinazunguka kwa hatua 128. Basi p − 1 inagawanyika kwa 128, na umbo linakuwa 128k + 1. Sasa 193, 449 na 577 nazo zinaanguka. Zinabaki 257 na 641. Hata 257 haina nafasi: ni 2⁸ + 1, kwa hiyo kwa mabaki yake 2⁸ ni −1, 2¹⁶ ni 1, 2³² ni 1, na namba yetu inatoa baki 2. Namba ya kwanza yenye haki ya kujaribiwa ni 641 yenyewe.

Hatua ya 3: Tafuta baki bila kuigusa namba nzima

Unaweza kugawanya 4,294,967,297 kwa 641 moja kwa moja, kikokotoo chako kinatosha. Lakini jifunze njia ya kuzidisha mraba na kupunguza, kwa sababu hiyo ndiyo itakayokusaidia namba ikifika tarakimu ishirini au mia sita. Kila unapopata mraba, gawanya kwa 641 na ubaki na baki tu:

2⁸ = 256
2¹⁶ = 256² = 65,536; toa 641 × 102 = 65,382; linabaki 154
2³² = 154² = 23,716; na 641 × 37 = 23,717; linabaki −1

Jumlisha 1, unapata 0. Mistari mitatu imetosha, na hakuna hesabu iliyozidi tarakimu tano.

Ukitaka kuona njia hii inavyokataa namba isiyofaa, ijaribu kwa 193. Utapata 63, kisha 109, kisha 108. Ukijumlisha 1 ni 109, si sifuri. Kwa 449 utaishia na 325, kwa 577 utaishia na 288.

Kuna uthibitisho mwingine wa 641 ambao kila anayependa hesabu anastahili kuuona. Namba 641 inaandikika kwa njia mbili: 5 × 2⁷ + 1, na pia 5⁴ + 2⁴. Kutoka ya kwanza, 5 × 2⁷ inatoa baki −1. Ipe kipeo cha 4: 5⁴ × 2²⁸ inatoa baki 1. Kutoka ya pili, 5⁴ inatoa baki sawa na −2⁴. Weka badala yake: −2⁴ × 2²⁸ = −2³² inatoa baki 1, yaani 2³² inatoa −1. Hakuna hata kugawanya.

Hatua ya 4: Hakiki kipande kilichobaki

4,294,967,297 ÷ 641 = 6,700,417. Wengi huishia hapa, nao ni uvivu: hatujui bado kama 6,700,417 ni tasa, na sifa zote zinazofuata zinategemea jibu hilo.

Kipeuo chake cha pili kipo kati ya 2,588 na 2,589. Kigawo chochote kidogo cha namba hii ni kigawo cha namba kubwa pia, kwa hiyo nacho lazima kiwe na umbo 128k + 1. Namba za umbo hilo hadi 2,588 ni ishirini tu. Kati yake zilizo tasa ni tano: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Gawanya:

kwa 257 linabaki 170
kwa 641 linabaki 44
kwa 769 linabaki 120
kwa 1,153 linabaki 334
kwa 1,409 linabaki 622

Hakuna sifuri. 6,700,417 ni tasa, na tumethibitisha kwa migawanyo mitano. Kwa kugawanya kwa kila namba tasa hadi 2,588 ungehitaji mamia.

Basi: 4,294,967,297 = 641 × 6,700,417, na hakuna njia nyingine ya kuivunja.

Hatua ya 5: Sifa zinazotiririka kutoka kwenye vigawo

Ukishapata vigawo tasa, sehemu kubwa ya maswali ya kawaida hujibiwa kwa kuzidisha tu.

Idadi ya vigawo: namba tasa mbili, kila moja mara moja, hutoa 2 × 2 = 4. Navyo ni 1, 641, 6,700,417 na namba yenyewe. Jumla ya vigawo ni (641 + 1) × (6,700,417 + 1) = 642 × 6,700,418 = 4,301,668,356. Ukitoa namba yenyewe inabaki 6,701,059, ndogo mno kuliko namba. Kwa hiyo haikaribii kabisa kuwa namba kamilifu kama 6 au 28, ambazo vigawo vyake vidogo hujumlika kuwa namba yenyewe.

Namba ngapi kati ya 1 na namba yetu hazina kigawo cha shirika nayo zaidi ya 1? Kipimo hiki huitwa fai ya Euler. Ni (641 − 1) × (6,700,417 − 1) = 640 × 6,700,416 = 4,288,266,240.

Kaa kidogo kwenye fai, maana ndiyo inayogusa maisha ya kila mtu mwenye simu. Tuseme mtu hajui vigawo, ila amepewa namba na fai yake. Atatoa fai kutoka kwenye namba, atajumlisha 1, na atapata 6,701,058. Hiyo ni jumla ya vile vigawo tasa viwili. Zao lao analo tayari. Kutafuta namba mbili ambazo jumla na zao lake vinajulikana ni mlinganyo wa kipeo cha pili wa sekondari, na majibu yatakuwa 641 na 6,700,417. Kwa hiyo, kwa zao la namba tasa mbili, kuijua fai ni sawa na kuvijua vigawo. Usimbaji wa RSA unaolinda mawasiliano mengi ya intaneti umejengwa juu ya jambo hilo: namba ya wazi ni zao la namba tasa mbili kubwa, na anayeshindwa kuivunja hapati fai wala ufunguo wa siri. Namba hizo leo huwa na biti 2,048, takriban tarakimu 617. Na kipeo cha wazi kinachotumika zaidi humo ni 65,537, ile namba tasa ya tano ya Fermat.

Angalia na majirani. Namba tasa iliyo karibu chini yake ni 4,294,967,291, na ya juu ni 4,294,967,311. Ukitoa 1 unapata 2³², yenye kigawo tasa kimoja tu, 2. Ukitoa 2 unapata 4,294,967,295, ambayo ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537: zile namba tano za Fermat zikizidishwa pamoja. Kutokana na hilo, namba yetu haiwezi kugawanyika kwa hata moja kati ya hizo tano, maana kila moja itaacha baki 2. Ndiyo maana 257 ilitoka na 2 kule nyuma.

Hatua ya 6: Miraba miwili

Sifa hii naipenda kuliko zote za namba hii.

Ni dhahiri kwamba namba yetu ni jumla ya miraba miwili: 65,536² + 1². Swali ni kama kuna njia ya pili. Kanuni inasema namba tasa inayoacha baki 1 ikigawanywa kwa 4 huandikwa kama jumla ya miraba miwili kwa njia moja tu, ukiacha mpangilio kando. Kwa vigawo vyetu:

641 = 25² + 4²
6,700,417 = 2,556² + 409²

Ukizidisha jumla mbili za miraba, unapata tena jumla ya miraba, na kwa njia mbili. Brahmagupta wa India alilijua hili katika karne ya 7. Zidisha kwa kupishanisha. Njia ya kwanza:

25 × 2,556 + 4 × 409 = 65,536
25 × 409 − 4 × 2,556 = 10,225 − 10,224 = 1

Hiyo ni ile tuliyokuwa nayo. Sasa badilisha alama:

25 × 2,556 − 4 × 409 = 62,264
25 × 409 + 4 × 2,556 = 20,449

Kwa hiyo 62,264² + 20,449² = 4,294,967,297. Hakikisha kwa kikokotoo: 3,876,805,696 + 418,161,601. Na 20,449 yenyewe ni mraba wa 143.

Uzuri zaidi ni kwamba njia hii inarudi nyuma. Namba tasa haiwezi kuwa na njia mbili, basi mtu akikuonesha njia mbili amekuonesha kuwa namba inavunjika, na unaweza kuvitoa vigawo vyenyewe. Fanya hivi. Chukua 65,536 na 62,264, zote shufwa, na 1 na 20,449, zote witiri. Tofauti zao ni 3,272 na 20,448. Kigawo Kikubwa cha Shirika (KKS) ni 8. Jumla zao ni 127,800 na 20,450. KKS ni 50. Gawa kila KKS kwa 2, unapata 4 na 25. Mraba wa 4 jumlisha mraba wa 25: 16 + 625 = 641. Euler alitumia njia hii kuvunja namba nyingine kubwa, na inafaa sana kwa namba ambayo tayari unajua jumla moja ya miraba yake.

Hatua ya 7: Kipimo cha kutahadhari nacho

Programu nyingi hukagua utasa kwa kanuni ile ya Fermat: chagua msingi, uipe kipeo cha namba kasoro 1, uone kama baki ni 1. Ukitumia msingi wa 2 kwa namba yetu, itapita. Sababu tumeiona: vipeo vya 2 vinazunguka kwa hatua 64, na namba yetu kasoro 1 ni 2³², ambayo inagawanyika kwa 64. Baki linatoka 1 ilhali namba si tasa. Kwa hiyo kamwe usikague namba ya umbo hili kwa msingi wa 2.

Tumia 3. Hapa tunaihitaji kompyuta, kwa kuwa miraba ya katikati hufika tarakimu ishirini. Katika lugha ya programu ya Python andika pow(3, 2**32, 2**32+1) na utapata 3,029,026,160. Si 1, kwa hiyo namba si tasa, bila kujua kigawo hata kimoja. Mwaka 1877 Théophile Pépin alionesha kwamba kwa namba za Fermat kuanzia 5 na kuendelea, msingi wa 3 unatoa hukumu ya mwisho: namba F ni tasa ikiwa, na ikiwa tu, 3 kwa kipeo cha nusu ya F − 1 inatoa baki −1. Kwa njia hizi na nyinginezo inajulikana kwamba namba zote za Fermat kutoka 2 kwa kipeo cha 2⁵, jumlisha 1, hadi 2 kwa kipeo cha 2³², jumlisha 1, si tasa. Hakuna namba tasa nyingine ya Fermat inayojulikana zaidi ya zile tano.

Jaribu mwenyewe na inayofuata

Namba inayofuata ni 2⁶⁴ + 1 = 18,446,744,073,709,551,617. Kwa kanuni ya Lucas, vigawo vyake vina umbo 256k + 1. Chukua k = 1,071, upate 274,177, kisha upime kama tulivyofanya:

2¹⁶ = 65,536
2³² = 4,294,967,296; toa 274,177 × 15,664 = 4,294,708,528; linabaki 258,768, ambalo ni sawa na −15,409
2⁶⁴ = 15,409² = 237,437,281; na 274,177 × 866 = 237,437,282; linabaki −1

Kipande cha pili ni 67,280,421,310,721, nacho ni tasa. Sasa tafuta fai ya namba nzima na jumla ya vigawo vyake. Kisha anza na 4,294,967,296² + 1² ukatafute miraba yake mingine miwili.